Maneno ya Mwisho ya Mwalimu Mbaluka

Nuu, Kitui
14 Septemba 2024

Shemeji Nzioka,

Bwana asifiwe. Nakusalimu wewe na Mama Ndululu na nyumba yako yote hapo mjini Wote. Sisi huku tunaamka na kulala. Wageni wa mwisho wa matanga waliondoka juzi, sasa nimebaki na mbuzi, kuku na redio.

Sijapata nafasi ya kukushukuru. Siku ya mazishi ulikuwa umezungukwa na watu, na mimi akina mama wa kanisa walikuwa wamenishika huku na huku kama mgonjwa. Lakini niliona vile hukuliacha jeneza tangu lishuke kwenye ndege mpaka liingie shimoni. Mume wangu alikuwa na rafiki.

Nina ombi. Simu ya huku unaijua, lazima nipande mpaka kule shuleni kutafuta netwaki, na nikisikia sauti yako nitalia tu na sitashika kitu. Niandikie. Munyao anayenunua ndengu hufika Wote kila wiki mbili, ataleta barua na kuchukua. Wewe ni mwalimu kama yeye alivyokuwa, kuandika si kazi kwako.

Niandikie zile siku mbili zenu za Addis Ababa. Habari ya huo mji nimeisikia tangu tuoane. Alikuwa akiwafundisha darasa la saba wafalme wa Ethiopia kana kwamba ni wajomba zake. Miaka thelathini mlikuwa mkiahidiana kwamba mkistaafu mtaenda kuuona, hata kama ni kwa siku nne tu. Basi nataka kujua aliona nini. Alifurahi? Alikula? Na ile siku ya pili, pale mlimani, aliumia kwa muda mrefu?

Halafu kuna Mutisya. Unajua yaliyotokea. Miaka sita iliyopita kijana alikuja kumzika nyanya yake akiwa amelewa, akaanguka kando ya kaburi watu wote wakiona. Jumapili iliyofuata Mbaluka akasimama mbele ya kanisa, yeye mzee wa kanisa, akasema hana mtoto anayeitwa Mutisya. Hawakuongea tena. Siku ya kumzika baba yake, mtoto wangu alisimama nje ya ua, nyuma ya minyaa. Niliona viatu vyake tu. Sasa amerudi Mwingi na nasikia anaanza kunywa kabla ya chai.

Kama baba yake alisema neno lolote juu yake, niambie. Kama hakusema, niandikie kwamba hakusema. Mimi ni mtu mzima. Ukweli nitauvumilia.

Kalekye


Wote, Makueni
29 Septemba 2024

Mama Mutisya mpendwa,

Barua yako niliisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu. Pole tena, na pole hazitoshi.

Tulifika Addis Ababa Jumanne mchana. Baridi! Mbaluka alivaa lile koti lake la kahawia na hakulivua. Tulipofika hotelini akagundua kwamba wenyeji wanahesabu saa kama sisi, kwamba wakisema saa moja ni asubuhi jua likitoka. Alicheka mpaka dada wa mapokezi naye akaanza kucheka bila kujua sababu. Akaniambia, "Nzioka, si nilikwambia hawa ni watu wetu?" Jioni hiyo tulipelekwa kwenye kanisa kuu alikozikwa mfalme wa mwisho. Alilizunguka lile kaburi la mawe akilipapasa kama ng'ombe anayetaka kununua. Alikula, Mama Mutisya. Kile chakula chao tulikula kutoka sinia moja, na kahawa wanaileta na bisi. Aliomba kikombe cha pili na cha tatu.

Siku ya pili basi lilitupandisha Entoto, mlima ulio juu ya mji, mahali mfalme mwingine wa zamani alipojenga jumba lake kabla mji wa chini haujakuwako. Tulikuwa wageni kumi na wanne. Kule juu kuna mikaratusi mingi na hewa ni nyepesi, hata vijana walikuwa wakihema. Mbaluka alitembea mpaka karibu na kanisa la zamani, akasema kifua kimembana. Nikamkalisha kwenye benchi. Wengine walitaka kuteremka kwenda jumba la makumbusho. Niliwaambia waende. Mimi nilibaki naye. Sikumwacha hata dakika moja.

Hakuumia sana. Aliegemea bega langu. Mji wote ulikuwa chini yetu, na ukungu ulikuwa umeondoka. Alisema amefika alipotaka kufika. Alikutaja wewe, akasema hakuwahi kukushukuru inavyofaa. Kisha akafumba macho, nikadhani amelala, akafungua macho akasema, "Mwambie Mutisya nilimsamehe zamani. Ni aibu tu iliyonizuia kumwita."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Baada ya hapo alipumua mara chache, na nilikuwa nimemshika mkono.

Basi usilale ukijiuliza. Hakuwa peke yake.

Ndugu yako,
Nzioka


Nuu
3 Novemba 2024

Shemeji yangu Nzioka,

Mungu akubariki wewe na watoto wako na watoto wa watoto wako.

Niliposoma barua yako sikungoja. Nilienda Mwingi siku iyo hiyo, nikamkuta Mutisya kwenye gereji anakoshinda, chini ya lori. Nikamwambia toka, baba yako amekuletea neno. Akasema kwa hasira, "Mama, baba amekufa." Nikamwambia toka hivyo hivyo. Alisoma akiwa amesimama, karatasi imejaa alama za grisi, utaniwia radhi. Alipofika pale mwisho alirudi juu, akasoma tena. Kisha akaenda nyuma ya lori na sikumwona kwa nusu saa. Aliporudi aliniuliza kitu kimoja: "Alisema aibu? Yeye ndiye aliona aibu?" Nikamwambia ndivyo ilivyoandikwa.

Hajagusa pombe kwa wiki tano. Nahesabu kila siku. Jumapili iliyopita aliingia kanisani, akakaa kiti cha nyuma, na mchungaji akamwomba ruhusa asome barua yako mbele ya watu, kwa sababu ni mbele ya watu hao hao alikokataliwa. Watu walilia. Mzee mmoja aliyekuwa akimpita Mutisya barabarani bila salamu alimwendea akamkumbatia.

Na kuna msichana, Kalunde, wa huko Kyuso, ambaye wazazi wake walikuwa wamekataa kabisa kusikia jina la mlevi. Sasa wamekubali tuende kuongea habari ya posa.

Mutisya ananisumbua na maswali. Baba alisema kwa Kikamba au Kiswahili? Alikuwa anaangalia wapi? Alisema "Mutisya" au alisema "mtoto wangu"? Niandikie yote, hata kama ni kidogo. Unavyoandika wewe naona kama nimekaa kwenye hilo benchi.

Shemeji yako,
Kalekye


Wote
17 Novemba 2024

Mama Mutisya,

Nimefurahi kusikia habari za kijana. Sikutarajia kwamba barua ingesomwa kanisani. Niliiandika kwa ajili yako.

Alisema kwa Kikamba. Alikuwa anaangalia chini, upande wa mji. Alisema "mwanangu Mutisya", yote mawili pamoja. Alitabasamu kidogo.

Naona ni vizuri sasa tumwache marehemu apumzike. Kijana ana neno la baba yake, linatosha. Mimi mwenyewe nikikumbuka siku hiyo usingizi unakatika. Nisalimie Mutisya.

Nzioka


Nuu
19 Januari 2025

Nzioka,

Wiki jana mchungaji mmoja wa Kitui alirudi kutoka mkutano Addis Ababa. Alikuwa amebeba mfuko wenye jina langu. Ndani kulikuwa na koti la kahawia, simu ya Mbaluka, na barua ya Kiingereza kutoka kwa msichana anayeitwa Selam.

Hukuwahi kunitajia Selam. Anasema basi lenu lilikuwa na watu wawili wa kuwatembeza: mwanamume wa kuongea kwenye kipaza sauti, na yeye, ambaye kazi yake ilikuwa kuhesabu watu ili asiachwe mtu. Koti alimvua Mbaluka yeye mwenyewe, likabaki kwake, na amekuwa akitafuta mtu wa kumpa tangu Agosti. Anaomba nimsamehe kwa kuchelewa. Yeye ndiye anaomba msamaha.

Nimetafsiri hapa kipande kimoja ili tusibishane juu ya alichosema.

"Mume wako aliposhindwa kutembea, mimi nilikaa naye. Basi likaondoka saa tano. Nilimwomba rafiki yake abaki, akasema atarudi upesi, kwamba alikuwa amengojea hilo jumba la makumbusho maisha yake yote. Saa sita nilileta teksi nimpeleke hospitali. Mume wako alikataa kuingia. Alisema, Nikiondoka hapa rafiki yangu atanipata wapi? Nilimpigia rafiki yake simu. Mara ya kwanza hakushika. Mara ya pili alishika, akasema mwambie apumzike, tumebakisha chumba kimoja. Nilimwambia ni moyo. Akasema yeye huchoka haraka, namjua. Nilipiga tena, simu ikawa imezimwa. Kila baada ya muda mfupi mume wako aliniuliza saa, na akaniuliza kama ile sauti ya gari ni basi. Hakuniambia neno lingine la maana, mama. Ningelikuandikia kama angelisema. Saa nane kasoro robo nilimwita dereva tukambeba kwa nguvu, lakini alikata roho njiani. Rafiki yake alifika hospitali saa kumi na moja na nusu. Alikuwa ameoga na kubadilisha shati."

Nilimaliza kusoma nikaenda kukama mbuzi. Nilikama mpaka akanipiga teke.

Halafu nikafikiria barua yako. Bega. Ukungu. Alipumua mara chache na ulikuwa umemshika mkono. Nilikwambia kama hakusema kitu uniandikie hakusema kitu. Niliandika hivyo kwa mkono wangu, kwa Kiswahili chepesi. Na wewe ukaketi mezani kwako, mtu mzima wa miaka sitini na tatu, ukamtungia mume wangu kifo.

Alikufa kwa kukungoja. Teksi ilikuwa imesimama mbele yake mlango wazi, akaogopa utarudi usimkute uhangaike.

Huko ndani mliona nini? Niambie basi. Ulikuwa umebakisha chumba gani?

Kalekye


Wote
2 Februari 2025

Mama Mutisya,

Sina la kujitetea, lakini umeuliza, nitajibu.

Ilikuwa mifupa. Yule mwanamke wa kale waliyemchimba, wa miaka milioni tatu, ambaye mimi na Mbaluka tulimchora ubaoni kwa chaki miaka yote hiyo. Chumba chenyewe kiko chini, kina giza, na yeye ni mdogo kama mtoto wa darasa la pili. Nilikuwa nimesimama mbele yake simu ilipolia. Nilifikiri, nitamweleza Mbaluka kila kitu jioni. Haikuniingia akilini kwamba hakutakuwa na jioni.

Yeye mwenyewe aliniambia niende. Hilo Selam hakulisikia kwa sababu tuliongea Kikamba. Alisema, "Enda, uone kwa niaba yangu, lakini usichelewe." Nilichelewa. Simu niliizima kwa sababu watu walikuwa wananiangalia. Tulipofika hotelini nikaambiwa amepelekwa hospitali, nilioga kwanza kwa kuwa nilidhani wamempa dawa na amelala, na nilitaka nikienda nikae naye usiku kucha. Nilipofika huko nikaambiwa amekufa, niliketi sakafuni. Hiyo pia ni kweli, uliza.

Barua ya kwanza niliandika ya kweli. Niliandika nikachana, mara mbili. Halafu nikaona swali lako juu ya Mutisya, nikasema moyoni, huyu mama ameshapoteza mume, mtoto naye anaenda, na neno moja la kumwokoa liko mkononi mwangu. Nilijidanganya kwamba ni huruma. Labda ilikuwa huruma kidogo. Nyingi ilikuwa woga.

Siwezi kuendelea hivi. Kila nikikutana na mtu wa Nuu ananiambia ile barua ilivyomgusa. Sasa nimeandika nyingine, kwa Mutisya, ya ukweli wote. Nimeifunga humu ndani. Tafadhali mpe. Akitaka kuja kunipiga aje, nitamfungulia mlango. Nataka nilale hata siku moja.

Nzioka


Nuu
16 Februari 2025

Nzioka,

Barua ya Mutisya niliifungua, nikaisoma, nikaitia motoni chini ya sufuria ya isyo, yale mahindi na maharagwe yetu. Ilikuwa nzuri. Wewe ni hodari wa barua.

Sikiliza sasa, kwa sababu sitaandika mara mbili. Ungetaka kusema ukweli, nilikuomba Septemba. Septemba kijana alikuwa tayari amevunjika, angevunjika tu zaidi kidogo. Leo amesimama. Ana miezi minne bila pombe, mahari imepokelewa Kyuso, na kila asubuhi akiamka anaamka mtu aliyesamehewa na baba yake. Wewe unataka nimnyang'anye hicho ili ulale.

Hutalala. Mimi pia silali, na nitakwambia sababu. Siku mlipoondoka Mbaluka alisahau dawa zake za presha juu ya meza. Niliziona bado mapema, ndege ilikuwa ya mchana, ningeweza kupanda shuleni nikawapigia mzinunue Nairobi. Nikasema ni siku nne tu, na nilikuwa na nguo za kufua. Hilo ni langu. Sijamwambia mchungaji, sijamwambia dada yangu, na Mutisya hatalijua. Nimelibeba na natembea nalo. Wewe pia beba lako.

Arusi ni Jumamosi tarehe ishirini na sita Aprili, hapa nyumbani. Mutisya anataka mtu wa kusimama mahali pa baba yake. Amekuchagua wewe. Nilijaribu jina la mjomba wake, akasema, "Hapana mama, Mzee Nzioka ndiye aliyemshika baba mkono."

Kwa hivyo utakuja. Utavaa suti. Utakaa kiti cha baba ya bwana arusi, karibu nami, na chakula nitakupakulia mwenyewe. Ukiitwa kuongea utayasema yale maneno mbele ya watu wote, vile vile ulivyoandika. Nitakuwa nakuangalia.

Usipokuja, barua ya Selam ninayo. Haitaenda kwa Mutisya. Itaenda kwa Mama Ndululu, na kwa mtoto wenu Ndululu, na kwa mchungaji wako, na kwa wale walimu wastaafu unaokunywa nao chai. Nimeshaitoa nakala kwa mashine ya fotokopi pale Mwingi.

Kalekye


Mwingi
11 Mei 2025

Kwa Mzee wangu Nzioka,

Shikamoo mzee. Mimi si mtu wa barua, simu ndiyo nimezoea, lakini mama alisema wewe barua ndio unapenda, basi nijaribu. Makosa utasahihisha kwa kalamu nyekundu.

Mimi na Kalunde tunakushukuru sana. Arusi ilienda poa, watu bado wanaiongelea. Lakini mimi kitu sitasahau ni wewe ukisimama. Niliona vile uliiweka chini ile karatasi ukaongea bila kusoma. Uliposema baba alicheka kidogo kabla ya kunitaja jina, hiyo sikuwa nimeisikia. Nilimuuliza mama kama alijua, akasema hata kwake ni mpya. Kalunde alinishika mkono chini ya meza. Mzee, miaka sita nilikuwa naota baba ananifukuza kanisani. Sasa siku hizi naota anacheka.

Mama alinipa koti lake. Linanitosha kabisa. Aliniambia dada mmoja wa kule ndiye alilituma.

Sasa nina wazo, usikatae. Mwezi wa nane baba atakuwa amemaliza mwaka tangu afe. Nataka twende Addis, mimi na wewe, zile siku nne mlizokuwa mmepanga. Tulale hoteli ile ile. Mnipeleke, yaani wewe unipeleke, kila mahali mlienda, halafu pale juu unionyeshe benchi. Nataka kukaa hapo tu. Na nikimpata yule dada wa koti nimshukuru, labda pia yeye alimsikia baba akiongea.

Kalunde ana mimba ya miezi mitatu, usiambie watu bado. Ndiyo maana nataka kwenda sasa kabla mtoto hajafika.

Kijana wako,
Mutisya


Wote
18 Mei 2025

Mama Mutisya,

Nimepata barua ya kijana. Nakuomba kama mtu anayeomba maji.

Nilikuja arusini. Nilisema. Ulinipakulia nikala chakula chote mbele yako. Nimepungua kilo kumi na moja tangu Januari na daktari amenianzishia dawa za presha. Mwambie Mutisya kwamba mimi ni mgonjwa, ambalo si uongo. Mwambie aende na Kalunde, au na mjomba wake. Siwezi kupanda ule mlima na yeye amevaa koti lile. Nitafanya kitu kingine chochote utakachotaka.

Selam je? Akimpata?

Nzioka


Nuu
1 Juni 2025

Nzioka,

Kitu kingine sitaki.

Selam nilimwandikia kwa ile simu ya Mbaluka. Nilimweleza habari yote, nikamwomba Mutisya akimfikia aseme kama ulivyosema wewe. Alinijibu kwa heshima kwamba hawezi kumdanganya mtoto wa marehemu, lakini mwezi wa nane atakuwa kwao kijijini na simu yake ataifunga. Huyo ni binti mwema, nimeona haya kumwomba. Kwa hivyo upande wake usiogope. Mutisya akikuuliza mwambie aliacha kazi.

Ugonjwa wako utatulia. Dawa meza asubuhi, na usizisahau mezani. Mtaondoka tarehe kumi na mbili Agosti. Tiketi ameshazikata, alifanya kazi usiku na mchana kwenye hiyo gereji, na hakukwambia kwa sababu anataka iwe zawadi. Ujifanye umeshangaa.

Siku ya kwanza mpeleke kwenye kaburi la mfalme na mle sinia moja. Mweleze ile ya saa, atacheka, hiyo ni ya kweli. Siku ya tatu anataka jumba la makumbusho. Ingia naye, teremka naye mpaka kwenye kile chumba, na msimame hapo kwa muda atakaotaka yeye.

Lakini siku ya pili ni ya mlimani. Pandeni asubuhi. Atakuuliza benchi ni lipi, mwonyeshe mojawapo, yote ni sawa. Kaa upande wake wa kulia, kama ulivyotueleza arusini. Amenunua simu mpya yenye sauti safi, na ameniambia atakuomba uyaseme yale maneno tena hapo hapo, kwa Kikamba, ayarekodi, ili mtoto akizaliwa awe anayasikia tangu mdogo.

Utayasema polepole. Ukikosea, rudia mwanzo.

Kalekye